Sakafu ya Mto Okatchan

29 Mei

Tumefika. Magoti yananiuma, sufuria kubwa imetoboka, na mume wangu Prokopy amesahau mfuko wa chumvi kule tulikotoka. Nimemwambia, "Wewe hata kichwa ungekisahau, bahati yako kimeunganishwa na shingo." Amecheka tu. Mtu huyu huwezi kugombana naye, unajichosha bure.

Tuko wanne kwa kulungu wa kufugwa mia nane. Kaka yangu Afanasy ndiye mkuu wetu. Mwanawe Kesha ana miaka ishirini na minne, na nimemlea mimi tangu mama yake afariki. Prokopy anachunga. Mimi ni mpishi, mshonaji, mchota maji na mgomvi wa kambi.

30 Mei

Upepo. Hema limeanguka mara mbili.

2 Juni

Okatchan kwa lugha yetu maana yake ni mto mdogo, na ni mdogo kweli, kilomita arobaini na mbili basi. Juu kabisa ni Kichwa, mawe matupu na mabaka ya theluji yasiyoyeyuka. Kisha Koo, maji yanabanwa na miamba mpaka yanapiga kelele. Bonde likifunguka ndipo ilipo Sakafu, na karibu na hapo ndipo tulipo sisi. Chini ya Sakafu mto unagawanyika vijito kati ya misonobari, vinakutana tena, kisha Mdomo, unamezwa na mto mkubwa. Mto mfupi hauna subira. Mvua ikinyesha Kichwani asubuhi, mchana unayo magotini.

Sakafu ni barafu yetu ya kiangazi. Chemchemi za mlimani hazigandi hata katika baridi ya Januari, basi maji hupanda juu ya barafu, yanaganda, yanapanda tena, tabaka juu ya tabaka, mpaka mwezi wa nne barafu inashinda urefu wa watu wawili. Mbu wakichachamaa tunapeleka kulungu pale katikati. Mbu hawapendi baridi, kulungu wanalala, sisi tunalala. Baba alifanya hivyo, babu alifanya hivyo.

4 Juni

Nimepita kandoni mwa Sakafu kuchota maji. Kavu! Mwaka wowote mwingine, saa hizi maji yanatiririka juu yake vijito vinne au vitano, rangi ya buluu, mpaka mabuti yanajaa. Mwaka huu juu ni kukavu kama meza iliyofutwa. Nikashuka hadi mwisho wake wa chini. Pale mto unatokea kwenye tundu kubwa kama mdomo wa tanuri, mtu anaweza kuingia ameinama, na humo ndani unanguruma.

Maji yote yanapita chini. Nimefikiri njia nzima na ndoo zangu. Theluji ya mwaka jana iliwahi sana, ikaanguka nene kabla ardhi haijashika baridi. Ardhi ikalala na blanketi. Chemchemi hazikuhitaji kupanda juu, zimepita chini majira yote ya baridi zikiila Sakafu kutoka tumboni.

Sijamwambia mtu. Katika ukoo wetu ubaya wa mto hausemwi mahali mto unaposikia, maana ukiutaja umeuita. Na katika bonde hili mto unasikika kila mahali, ndani ya hema, mlimani, usingizini, kwa hiyo na wenyewe unatusikia kila mahali. Ndiyo maana naandika. Masikio unayo, lakini shule haukwenda.

7 Juni

Nimeoka mikate. Kesha kala minne peke yake, akasema, "Shangazi, huu wa tano nauonea huruma, unabaki mpweke." Akaula.

12 Juni

Mbu wametoka leo. Ukifumbua mdomo unakula nyama.

15 Juni

Nimejaribu kwa kuzunguka. Afanasy alikuwa anakunywa chai nje, karibu na moto wa moshi wa kufukuza mbu.

"Kaka, mwaka huu nachota maji chini kule tanurini. Juu hakuna."

"Nimeona."

"Baba angesemaje kuhusu mwaka wa namna hii?"

Aliniangalia. Kaka yangu ana macho madogo, na akikasirika yanapotea kabisa. "Baba angesema mdomo huponza kichwa. Weka chai nyingine."

Nimeweka chai. Kiburi! Tangu utoto hivyo hivyo, alichokiamua yeye kimeamuliwa na mlima. Anaona aibu kusikia neno kutoka kwa mwanamke anayenuka unga.

18 Juni

Leo nimekwenda na nondo ya kuvunjia barafu. Kandoni nondo inagonga, inarudisha mkono, barafu ngumu. Nikaenda hatua thelathini kuelekea katikati. Nikapiga. Sauti ilikuwa nyingine, ya pipa. Nikapiga tena kwa nguvu, nondo ikaingia hadi kwenye ngumi yangu, na nilipoichomoa upepo wa baridi ukatoka kwenye tundu ukanipiga usoni.

Nimerudi kwa kutambaa. Sioni haya kuandika hivyo, nimetambaa kama mtoto.

19 Juni

Joto. Ndama mmoja amekufa.

20 Juni

Wawili. Mbu wanawaingia puani, wanakohoa, wanakimbia kupingana na upepo hadi wanaanguka. Hawali. Prokopy na Kesha wanakimbia nao usiku na mchana, ingawa usiku wenyewe haupo, jua linazunguka tu na kutucheka.

21 Juni

Niandike kwa haki, nisimwonee kaka. Njia ziko mbili. Sakafu iko nusu saa kutoka hapa. Kichwa kiko siku mbili za kupanda kupitia Koo, pamoja na ndama, na huko juu kuna kulungu mwitu. Miaka mitatu iliyopita tulipanda Kichwani, mwitu wakapita, na kulungu wetu mia moja sitini wakawafuata. Wanawake wa kijijini walikuwa wanamwangalia Afanasy dukani kama mtu aliyeuza watoto. Tangu hapo hajalitaja jina la Kichwa.

Kesha ameniuliza leo, tukiosha vyombo, "Shangazi, ukiwa unaogopa kitu unafanyaje?"

"Napika. Wewe unaogopa nini?"

"Supu yako ya jana." Akakimbia na sahani.

Kesha ndiye anayewaongoza kulungu Sakafuni. Anatembea mbele na yule jike mweupe, kulungu wote wanamfuata huyo. Yeye ndiye wa kwanza kukanyaga.

23 Juni

Nimempa Afanasy daftari hili. Sikusema neno. Nilifungua ukurasa wa tarehe kumi na nane, nikauweka gotini kwake, nikakaa.

Alisoma polepole, anasogeza kidole. Alipofika mwisho alirudia mwanzo. Kisha akaichana karatasi ile, akaikunja vizuri kama barua, akaitia kwenye jiko. Ukurasa wa tarehe kumi na nane hapo juu nimeuandika upya leo.

"Umeandika," akasema.

"Nimeandika. Sijasema."

"Ni kusema kwa mkono. Akulina, usiniletee hili tena."

"Kesha ndiye anayekwenda mbele!"

"Najua mwanangu anakwenda wapi!"

Alipiga kelele kiasi kwamba mbwa walinyamaza. Alifunga mlango wa jiko, akaufungua, akaufunga tena. Nikajisemea, huyu mzee afadhali azike mtu kuliko kurudi nyuma. Namchukia leo. Naandika nikiwa na akili zangu.

24 Juni

Ndama watano.

25 Juni

Afanasy amesema kesho Sakafuni. Prokopy ametazama buti zake. Kesha amesema, "Haya, baba." Mimi nimekoroga uji mpaka umeungua. Nimeulisha moto kipande cha mafuta kama sadaka, kikubwa kuliko kawaida, na moto umekipokea bila kutoa sauti.

28 Juni

Nataka kuandika ya juzi kwa mpangilio, kwa sababu kichwani hayana mpangilio.

Asubuhi hapakuwa na upepo kabisa. Kulungu walikuwa wanazunguka kwenye moshi, mviringo mmoja mkubwa wa pembe, wanapumua kama wagonjwa. Kesha alikunywa chai akiwa amesimama. Koti lake alikuwa amelifunga mpaka shingoni, na nikamwambia utaiva humo ndani. Akasema, "Sakafuni kuna baridi, shangazi." Akamshika jike mweupe kwa hatamu, wakaenda. Kulungu wakapangana nyuma yake. Afanasy kulia, Prokopy nyuma kabisa.

Mimi nilipaswa kubaki kambini. Niliosha kikombe kimoja. Nilikiosha tena. Kisha nikatoka mbio na mabuti yasiyofungwa.

Nilipofika ukingoni Kesha alikuwa ameshaingia hatua kama mia mbili. Alikuwa anakwenda vizuri, haraka, miguu mepesi, hakukanyaga kwa uzito. Kulungu wa mbele walikuwa wameinua vichwa, wameusikia ubaridi. Na mimi nikafungua mdomo. Yote niliyoyameza tangu tarehe nne yakatoka kwa pamoja.

"Kesha! Rudi! Chini ni tupu! Mto umeoza tumboni, utakumeza, rudi!"

Akasimama.

Akageuka kunitazama. Aliinua wavu wa mbu usoni, akaweka mkono sikioni, kwa sababu kelele za kwato zilikuwa nyingi na hakunisikia. Jike mweupe akasimama naye. Wa nyuma wakawafikia, wakajazana pale pale, ishirini, thelathini, arobaini, wanasukumana kumzunguka. Nikapunga mikono asogee, asisimame, asogee! Yeye akadhani namwita, akapiga hatua moja kuja kwangu.

Nilidhani barafu ikivunjika inalia kama bunduki. Haikulia hivyo. Ilitoa sauti ya mtu mnene anayekaa kwenye kiti kibovu. Pale alipokuwa Kesha pakawa na shimo kubwa kuliko mahema kumi, na ndani maji meusi yanakwenda kasi, na pembe, kisha bila pembe.

Kulungu wengine waligeuka wenyewe wakakimbia. Afanasy alijitupa kifudifudi, akatambaa mpaka ukingo wa shimo, akaingiza mkono mpaka begani. Prokopy alimshika miguu akamvuta. Akarudi tena. Prokopy akamvuta tena. Sijui mara ngapi.

Nilikimbilia chini kwenye tanuri, nikaingia majini hadi kiunoni, nikasubiri. Walitoka kulungu, mmoja mmoja, kutwa nzima. Jike mweupe alitoka saa kumi. Kesha hakutoka.

Afanasy alinikuta pale. Alikuwa na uso kama hema lisilo na mwenyewe. Alisema neno moja tu, "Umesema."

29 Juni

Kulungu wanakimbia tena, hawana wa kuwaongoza. Afanasy amekaa mbele ya tanuri, hali, hajibu. Kwa redio ya upepo ya kambi, wa kijijini wameniambia mafuriko yameichukua barabara, watu hawawezi kuja kabla ya wiki kadhaa. Nilikuwa nimekaa ardhini nikasikia mtu ananifungia mabuti. Prokopy.

"Simama, mama. Kulungu hawajui msiba. Tusipowapandisha leo, kesho hatuna kitu."

"Kichwani? Sisi wawili?"

"Nimeshafunga mizigo. Chumvi nimetia."

Mwanamume huyu nimemcheka miaka ishirini na sita.

2 Julai

Kichwa. Tumepita Koo kwa siku mbili na nusu. Ndama tisa wamebaki njiani. Waliobaki wamelala kwenye theluji na upepo unavuma. Mwitu hatujawaona.

5 Julai

Ukungu.

11 Julai

Huku juu mto unaanzia chini ya jiwe. Unaweza kuufunika kwa kofia. Leo nimekaa karibu nao nikautukana kwa sauti, matusi yote ninayoyajua na mengine nimeyatunga, ya mama yake na ya bibi yake. Haukunifanya chochote. Umeendelea kutoka chini ya jiwe. Hilo limenitisha kuliko kama ungenijibu.

Maana kama haujali, basi nilinyamaza siku ishirini na mbili kwa ajili ya nini? Ningesema tarehe nne, Kesha angekuwa anakula mikate. Na kama unajali na unasikia, basi ni mimi niliyeuita kwa mdomo wangu. Na hata bila hayo, alisimama kwa sababu yangu. Alikuwa anakwenda vizuri. Shangazi yake akamwita, akasimama, kwa sababu nilimlea asimame akiitwa.

Prokopy anasema nisile nafsi yangu. Nimemjibu hakuna kingine cha kula.

20 Julai

Kulungu wamenenepa. Siwezi hata kufurahi.

3 Agosti

Prokopy amebaki na kulungu, mimi nimeshuka na mikate na nyama kavu. Afanasy yuko pale pale. Amejijengea kibanda cha matawi ya mierebi mbele ya tanuri. Amekonda, ndevu nyeupe. Sakafu nayo imekonda, imebaki mapande mapande, na paa la tanuri limeanguka sehemu ya mbele.

Nilimpa mkate, akaushika tu. Tulikaa. Sikutegemea aseme, basi nikapaliwa aliposema.

"Nililala juu ya Sakafu. Tarehe moja mwezi wa sita. Nilienda peke yangu, nikaweka sikio. Nikausikia mto unavyopita huko chini."

"Tarehe moja?"

"Kabla yako. Siku tatu kabla yako."

Mkono wangu ulitaka kumpiga. Niliukalia. "Mbona hukusema? Afanasy! Wewe ndiye mkuu, ungesema neno moja tu, tungepanda!"

"Kichwani." Akalitamka jina hilo kama mtu anayetema jino. "Nilitaka kuamini nimesikia vibaya. Ukaniletea daftari. Nikaona kumbe nimesikia vizuri, na nikakuchukia wewe."

"Ulisema mimi ndiye niliyesema."

"Nilikuwa natafuta mtu mwingine."

Tukalia wote wawili, watu wazima, kila mmoja amegeukia upande wake. Namwona tofauti sasa. Nilidhani ni kiburi. Alikuwa anaogopa, siku zote zile, na mimi nilikuwa naogopa hatua tano kutoka kwake, na chai kati yetu. Wahenga husema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wetu nimeusikia.

9 Agosti

Mvua. Mto umepanda.

18 Agosti

Sehemu kubwa ya mwisho ya Sakafu imeanguka leo asubuhi. Kesha alikuwa chini yake, kwenye changarawe, upande wa kushoto, mita mia tatu tu kutoka kwenye shimo. Baridi imemhifadhi. Afanasy alimbeba peke yake, hakutaka nimsaidie.

Tulimlaza kwenye turubai. Nikamfungua koti kumsafisha. Vifungo vya shingoni vilikuwa vigumu, nikavikata.

Ndani ya koti alikuwa amejifunga kamba kiunoni. Kamba ndefu, nzuri, fundo limefungwa kwa uangalifu, na iliyobaki ameizungusha mwilini mara nyingi, yote imefichwa. Prokopy, aliyekuwa ameshuka kututazama, aliiona akaenda kukaa mbali.

Kila mtu wa huku anaijua kamba hiyo. Unajifunga unapovuka barafu usiyoiamini. Ncha moja kwako, ncha ya pili unampa mwenzako aliye nyuma, ukizama anakuvuta.

Ncha ya pili ilikuwa imechomekwa mkandani. Hakumpa mtu. Alijua, mtoto wangu. Alijua kama baba yake, kama mimi, na baadaye Prokopy ameniambia naye alijua, alisikia mlio chini ya kwato kandoni mwa Sakafu tarehe ishirini. Wote wanne. Kesha peke yake ndiye aliyetoka na kamba, na hakuweza kumpa mtu ncha yake, kwa sababu ukimpa mtu ncha umeshasema.

22 Agosti

Tumefika Mdomoni na Kesha, kwa kulungu watano wa mizigo. Prokopy amerudi juu. Watu wa kijijini wako ng'ambo ya pili, wamewasha moto, tunawaona. Ng'ambo ni mita arobaini tu. Maji yana rangi ya chai, na matawi mazima yanapita.

Afanasy alisimama ukingoni ameshika hatamu. Kisha akanigeukia, hapo hapo, mguu wake mmoja ukiwa majini, akauliza kwa sauti kubwa mpaka wa ng'ambo wakasikia:

"Akulina! Maji yakoje?"

"Mabaya, kaka," nikasema. "Yatatuua."

Akatoa mguu majini. Tukamshusha Kesha chini, tukakaa naye, tukasubiri.